Montessori: Alidai mshahara sawa, akaanzisha kazi ya mshahara mdogo

Mwaka 1990 Benki Kuu ya Italia ilitoa noti mpya ya lira 1,000. Noti iliyotangulia ilikuwa na picha ya Marco Polo, mfanyabiashara wa Venice aliyevuka nchi nyingi hadi China. Mahali pake pakawekwa picha ya mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, na upande wa nyuma watoto wawili wakisoma. Mama huyo ni Maria Montessori. Noti hiyo ilitumika hadi Italia ilipohamia yuro, na muda wote huo ndiyo ilikuwa noti ndogo kuliko zote nchini humo.

Huku kwetu jina lake tunalijua kwa vibao. Arusha, Nairobi, Kampala na Kigali ziko shule za chekechea zenye neno Montessori langoni, na mzazi anaweza kulipa ada miaka miwili bila kujua kama hilo ni jina la mtu, la mtaa au la kampuni. Lakini mfanyabiashara wa mpakani ana sababu nyingine ya kumjua mama huyu. Anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya Busia, Mutukula au Rusumo ameacha watoto kwa mtu: dada wa kazi, bibi wa jirani, au mlezi wa kituo karibu na soko. Ukihesabu wote wanaoiwezesha safari hiyo, yaani dereva, wapakiaji, wakala wa forodha na mwenye ghala, aliyebaki na watoto ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Asipofika siku moja, hakuna mzigo unaovuka. Maisha ya Montessori yanaonyesha jinsi bei hiyo ndogo inavyopangwa.

Alizaliwa Agosti 31, 1870, katika mji mdogo wa Chiaravalle, mkoa wa Ancona. Baba yake, Alessandro, alikuwa ofisa wa serikali aliyehusika na kiwanda cha tumbaku. Mama yake, Renilde Stoppani, alipenda vitabu na alitaka binti yake asome. Mwaka 1875 familia ilihamia Roma. Maria alikuwa mtoto wa pekee.

Kazi moja aliikataa mapema, nayo ni ualimu. Wakati huo ndiyo ilikuwa kazi ambayo msichana wa familia ya heshima angeweza kuifanya bila maneno ya watu, na wazazi wake walimshauri aifuate. Yeye akaingia shule ya ufundi iliyojaa wavulana, akitaka uhandisi, kisha akabadili nia na kutaka udaktari. Katika Chuo Kikuu cha Roma ilimbidi apasue maiti peke yake baada ya saa za masomo, kwa kuwa ilionekana si adabu mwanamke kusimama pamoja na wanaume mbele ya mwili ulio uchi. Mwaka 1896 alihitimu, akawa mmoja wa wanawake wachache wa mwanzo kuwa madaktari nchini Italia.

Mwaka huohuo, Septemba, alikwenda Berlin kuwawakilisha wanawake wa Italia katika mkutano wa kimataifa wa wanawake. Alikuwa na miaka 26. Magazeti yalishughulika na sura yake na mavazi yake, yeye akazungumza juu ya ujira. Alieleza habari za wanawake wa viwandani na mashambani waliokuwa wakifanya kazi sawa na wanaume na kupokea malipo madogo zaidi, akadai kazi sawa ilipwe mshahara sawa. Wakati huo viwanda vingi vya Ulaya vilimlipa mwanamke karibu nusu ya mwanamume, na wenye viwanda hawakuona aibu kulisema.

Msomaji aiweke hoja hiyo akilini, maana tutairudia. Ina nguvu pale tu ambapo mwanamume na mwanamke wako kwenye mashine moja, na mtu anaweza kuonyesha kidole huku na huku.

Aliporudi Roma alifanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu. Akizunguka hospitali za wagonjwa wa akili aliwakuta watoto waliofungiwa humo pamoja na watu wazima, hawana cha kushika wala kuchezea, wakiokota makombo ya mkate sakafuni baada ya kula. Mhudumu aliona ulafi. Montessori aliona mikono inayotafuta kazi. Akasoma vitabu vya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliowahi kufundisha watoto wenye ulemavu wa akili kwa vifaa vya kugusa na kupanga. Mwaka 1900 ikafunguliwa Roma shule ya kuandaa walimu wa watoto hao, na yeye akawa mkurugenzi wake pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano.

Kwa Montesano alikuwa tayari amezaa mtoto. Mario alizaliwa Machi 31, 1898, nje ya ndoa, na jambo hilo likafichwa. Kama lingejulikana, Maria asingebaki daktari wala mhadhiri. Mtoto akapelekwa kijijini, nje ya Roma, kulelewa na familia nyingine kwa malipo, kama ilivyokuwa desturi ya mjini wakati ule. Mama alikuwa akienda kumtazama bila kujitambulisha. Mwaka 1901 Montesano akaoa mwanamke mwingine, na Maria akaacha shule waliyoiongoza pamoja. Mario alirudi kwake akiwa kijana wa miaka kama 15, baada ya bibi yake Renilde kufariki. Hata hapo, kwa miaka mingi wageni waliambiwa ni mpwa wake.

Waandishi wengi wa maisha yake huisimulia habari hii kama mkasa wa mapenzi. Mimi naiona pia kama hesabu. Mwanamke aliyekuja kuifundisha dunia namna ya kukaa na watoto wadogo aliweza kufanya kazi hiyo kwa sababu kijijini kulikuwa na mwanamke mwingine aliyekubali kulea kwa bei ambayo daktari kijana aliimudu. Hilo si la kumlaumu. Nani kati yetu anasafiri na mtoto mgongoni kila safari?

Kilichompa umaarufu kilianzia kwenye biashara ya majengo. Mtaa wa San Lorenzo, Roma, ulijengwa harakaharaka miaka ya 1880 wakati kila mwenye mtaji alikuwa akijenga. Soko la nyumba likaanguka, majumba yakabaki hayajakamilika, na watu maskini wakajaa humo, chumba kimoja kikipangishwa tena na tena kwa vipande. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni moja ya majengo, iliyoongozwa na mhandisi Edoardo Talamo, ilinunua majumba hayo, ikayakarabati na kuyapangisha kwa familia za vibarua. Baba na mama waliondoka asubuhi. Watoto wakubwa walikwenda shule. Wadogo wa miaka mitatu hadi sita walibaki ngazini siku nzima, wakichafua kuta na kuvunja vitu.

Talamo akapiga hesabu. Fedha iliyokuwa ikikwenda kwenye chokaa na ukarabati ingetosha kumlipa mtu wa kukaa na watoto hao chumba kimoja. Akamwita Dkt. Montessori asimamie. Januari 6, 1907, Nyumba ya Watoto ikafunguliwa katika jengo namba 58, barabara ya Marsi, ikiwa na watoto kama 50.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Mshahara wa mlezi wa kwanza wa Montessori ulitoka kwenye fungu la ukarabati wa kuta. Wazazi hawakulipa ada. Walitakiwa kuwaleta watoto wakiwa safi, kumheshimu mlezi na kuja kuzungumza naye. Mlezi naye alitakiwa kuishi katika jengo hilohilo. Kwa hiyo kiasi ambacho kazi yake ilistahili hakikupimwa kwa kile mtoto alichojifunza, wala kwa siku ya kazi ambayo mama aliipata. Kilipimwa kwa chokaa iliyookolewa. Montessori mwenyewe alieleza mpango huo hadharani, tena kwa fahari: nyumba inajilipia, na hakuna anayetoa sadaka.

Mlezi huyo wa kwanza hakuwa na mafunzo ya ualimu. Montessori alisema anamtaka hivyohivyo, asije na mazoea ya kuchapa na kufoka. Daktari alikuwa na kazi nyingine chuoni na katika tiba, akawa anakuja, anatazama, anaandika, anaondoka. Aliyekuwapo saa zote ni yule dada. Aliwanawisha, akawatandikia, akawapa vile vifaa vya mbao na kusubiri wavirudishe mahali pake. Ndani ya miezi michache watoto wa miaka minne na mitano wakaanza kuandika, na wageni wakaanza kumiminika. Watu walikuja San Lorenzo kumuona Montessori.

Mwaka huo wa 1907 alifungua nyumba ya pili, na katika hotuba yake akasema jambo ambalo mfanyabiashara mwanamke atalielewa upesi. Alisema kazi ya umama sasa inaweza kubebwa na jumuiya, kama maji ya bomba yanavyoletwa nyumba zote, ili mama wa kibarua aende kazini bila hofu kama anavyokwenda mke wa tajiri mwenye yaya. Hakusema bomba hilo litalipiwa na nani jengo lisipokuwa na mwenye nyumba anayechukia kuta chafu.

Tuirudie sasa ile hoja ya Berlin. Mama wa San Lorenzo alikuwa kibarua, na alilipwa karibu nusu ya mwanamume. Kama angetakiwa amlipe mlezi yeye mwenyewe, angemlipa kutoka kwenye nusu hiyo, na ilibidi ibaki ya chakula na pango, la sivyo kwenda kazini kungekuwa hasara. Hiyo ndiyo dari ya bei. Mlezi wa watoto wa vibarua hawezi kulipwa zaidi ya sehemu ndogo ya ujira wa akina mama anaowalelea, labda awachukue watoto wengi. Na kuwachukua wengi kuna mwisho. Mwenye duka la jumla akipata wateja maradufu anaongeza lori, na faida inapanda. Mlezi akiongezewa watoto maradufu anaishia kuwa mlinzi wa mlangoni. Hakuna mashine iliyovumbuliwa hadi leo ya kumbembeleza mtoto haraka zaidi ya alivyobembelezwa mwaka 1907.

Kuna na jambo la pili, gumu zaidi. Kiwandani mwanamke alijilinganisha na mwanamume aliyesimama pembeni yake. Kwenye Nyumba ya Watoto hapakuwa na mwanamume wa kujilinganisha naye. Aliyekuwapo ni mama wa nyumbani, ambaye kwa kazi hiyohiyo hulipwa sifuri. Ukishapimwa na sifuri, senti yoyote utakayopewa inaonekana nyingi. Nchini Italia kulikuwa pia na watawa. Tangu padri Ferrante Aporti alipofungua shule ya watoto wadogo huko Cremona mwishoni mwa miaka ya 1820, vituo vingi vya namna hiyo viliangukia mikononi mwa masista, walioishi konventini na hawakudai mshahara wa kujitegemea. Walifanya kazi nzuri. Lakini sokoni, anayeuza bila kutafuta faida huishusha bei ya kila mtu.

Montessori hakuipinga hali hiyo, na kwa kiasi fulani aliizidisha. Aliandika kwamba anayekaa na watoto awe na moyo wa mtumishi na wa mwanasayansi, ajifiche, asitafute sifa. Hata cheo cha mwalimu alikiondoa, akamwita mwelekezi. Wasichana waliomfuata mapema, kama Anna Maccheroni na Anna Fedeli, waliishi naye nyumbani kama shirika dogo la kitawa. Lugha hiyo ya wito ni nzuri kuisikia, lakini mwenye kulipa husikia humo punguzo la bei.

Yeye mwenyewe aliijua thamani ya fedha. Mwaka 1909 alitoa kitabu cha njia yake na kuendesha kozi ya kwanza ya walimu huko Città di Castello. Karibu mwaka 1910 aliacha tiba, na muda si mrefu baadaye uhadhiri, akaamua kuishi kwa kozi, vitabu na vifaa. Vifaa vilikuwa na hataza. Cheti kilikuwa na sahihi yake, na kwa muda mrefu hakumruhusu mtu mwingine kufundisha walimu. Watu walisafiri kutoka Marekani, Uingereza na India wakalipa ada ya kozi. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake ilitoka mwaka 1912 na ikanunuliwa kwa kasi. Mwaka 1913 alizungumza New York katika ukumbi wa Carnegie, watu wakakosa nafasi. Mwaka 1915, kwenye maonyesho ya San Francisco, darasa lake lilijengewa kuta za vioo, watazamaji wakapanga mistari nje kuwaangalia watoto wakifanya kazi.

Kwa hiyo katika kazi hii fedha ilikuwapo tangu mwanzo. Ilikaa kwenye cheti, kwenye kitabu na kwenye sanduku la vifaa, vitu vinavyoweza kuuzwa kwa watu elfu moja kwa mpigo. Haikukaa kwenye saa nane za kuwa na watoto 40. Anayeuza madumu huweza kupata zaidi ya anayechota maji, hilo kila mchuuzi analijua. Hata hivyo nisimwonee: alikuwa mwanamke asiye na mume wala mshahara wa chuo, mwenye baba mzee na mtoto wa siri wa kutunza. Alikataa kuishi kwa ile bei ya chokaa, na alikuwa na njia ya kuikataa. Wale wa darasani hawakuwa nayo.

Na biashara ya jina nayo ikaja kuteleza. Miaka 15 baada ya kifo chake, mwaka 1967, mamlaka ya alama za biashara nchini Marekani iliamua kwamba neno Montessori limekuwa la watu wote na hakuna chama kinachoweza kulimiliki peke yake. Ndiyo maana leo mtu anaweza kuliandika langoni akiwa na vifaa vyote na mlezi aliyesomea, au akiwa na jina tu.

Alijaribu pia njia ya serikali. Kuanzia mwaka 1924 Mussolini alimuunga mkono, shule zikapata msaada, na chuo cha kuandaa walimu kikafunguliwa Roma. Fedha ya hazina ilikuja na masharti: sare, saluti, kiapo cha walimu kwa chama. Mwaka 1934 wakaachana, na shule zake nchini Italia zikafungwa. Barcelona, alikokuwa amejenga makao tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliikimbia mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Akahamia Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 69, alikwenda India na Mario kuendesha kozi ya miezi michache huko Madras. Italia ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza mwaka 1940, wote wawili wakawa raia wa adui. Mario akafungwa kambini, mama akazuiwa kusafiri. Agosti 31, siku alipotimiza miaka 70, serikali ya India ilimpelekea telegramu kwamba zawadi yake ya kuzaliwa ni kumwachia mwanawe. Iliandika mwanawe, neno ambalo yeye hakuwahi kulitamka hadharani kwa miaka 42. Walibaki huko hadi vita vikaisha, na zaidi ya walimu 1,000 wakapita mikononi mwao. 

Mwaka 1949, 1950 na 1951 jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hakuipata.

Mei 6, 1952, alikuwa Noordwijk aan Zee, mji wa pwani nchini Uholanzi, akizungumza na Mario kuhusu safari mpya. Alitaka kwenda Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kufundisha walimu wa huko. Mario aliona umri wake na joto la Afrika Magharibi haviendani. Alifariki dunia siku hiyohiyo kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 81, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mji huo. Chama walichokianzisha pamoja mwaka 1929 kiliendelea kuongozwa na Mario hadi naye alipofariki mwaka 1982.